Nyumba za Wasiojiweza katika Historia ya Waislamu



Mama amepooza upande mmoja, mabinti wameolewa mbali, kijana yuko kazini tangu alfajiri hadi isha. Ikitajwa tu nyumba ya wazee, mjomba anafoka: "Hayo ni mambo ya Wazungu!" Ugomvi wa namna hii umeingia katika familia nyingi, na wengi wetu tunagombana bila kuijua historia yetu wenyewe.

Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik alitawala kutoka Damascus, mwaka 86 hadi 96 Hijria (705 hadi 715 Miladia). At-Tabari ameandika kwamba aliwapa posho wagonjwa wa ukoma na kuwataka wasiombe watu, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi, na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Al-Maqrizi naye anamtaja kuwa wa kwanza katika Uislamu kujenga hospitali, mwaka 88 Hijria. Mimi kilichonigusa zaidi ni yule mtumishi: mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Baadaye kazi hii ilibebwa sana na wakfu. Mjini Cairo, Sultani Qalawun alijenga bimaristani yake mwaka 1284, wakapokewa wanaume kwa wanawake bila malipo, gharama zikitoka katika mali zilizowekwa wakfu. Aliyefia humo alinunuliwa sanda na kuzikwa kwa fedha za wakfu huo huo. Lakini bimaristani ilikuwa nyumba ya tiba. Mzee ambaye tatizo lake ni uzee tu, kwa kawaida alibaki kwa wanawe.

Nyumba ya kuishi wazee na walemavu tunaiona waziwazi Istanbul. Vita vya Urusi na dola ya Uthmaniya vya 1877 na 1878 viliwatoa Waislamu wengi makwao katika nchi za Balkani, wakamiminika mjini wakiwa wajane, mayatima, vilema na vikongwe. Njia zikajaa ombaomba. Sultani Abdulhamid wa Pili akaamuru ijengwe Darülaceze, na ikafunguliwa mwaka 1896. Maana ya jina ni nyumba ya wasiojiweza. (Neno letu "ajizi" limetoka katika asili hiyo hiyo ya Kiarabu, ila sisi tumeligeuza kuwa uvivu, tukasema ajizi ni nyumba ya njaa!) Palikuwa na mabweni, hospitali, sehemu ya mayatima, na karakana za mikono kwa wenye nguvu kidogo. Ndani yake umo msikiti, na pia kanisa na sinagogi, kwa kuwa waliopokewa hawakuwa Waislamu peke yao. Hadi leo inahudumia watu.

Tusiipambe kupita kiasi. Serikali ilitaka pia kuwaondoa ombaomba barabarani, na si wote walioingia kwa hiari yao. Hata hivyo sababu yake kubwa iko wazi: wengi wa watu hao hawakuwa tena na mtoto wala ndugu wa kuwashika mkono.

Kwa hiyo mjomba amekosea kuhusu Wazungu, ila hajakosea yote. Suratul Israa, aya ya 23, inamzungumzia mzazi aliyefikia uzee akiwa kwa mwanawe, na amri inamwendea huyo mwana. Darülaceze ilijengwa kwa ajili ya asiye na mwana.

Na Mama mwenye watoto wanne? Pengine turudi kwa mtumishi wa Al-Walid. Fedha ambazo zingelipia kitanda mbali, ndugu wakichangishana, huenda zikamlipa msaidizi wa kukaa naye mchana hapo hapo nyumbani. Na ikiwa anahitaji uuguzi usiku na mchana ambao nyumbani haupatikani, basi aulizwe daktari, aulizwe na sheikh. Ila kabla yao aulizwe Mama mwenyewe, maana katika vikao vingi vya namna hii yeye huwa chumba cha pili, anasikia kila neno.