Ukanda wa Ziwa Tuuachie Ziwa

Ndugu wana Pasiansi, mlio nyumbani na mlio mbali,

Ziwa letu halipwi na kujaa kila siku kama bahari, lakini nalo huondoka na kurudi. Mwendo wake ni wa miaka. Kati ya 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa, lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka kuliko wakati wowote katika miaka 80 iliyotangulia, na watu wakalima na kujenga pale lilipoondoka. Mei 2020 lilirudi, likapita hata alama ya 1964. Tanzania, Kenya na Uganda, nyumba na mialo vikazama.

Ardhi iliyo kati ya alama hizo ndiyo makao ya mafunjo na matete. Wazee wetu walipata humo matete ya kuezekea, mafunjo ya mikeka, kamongo na kambale. Sangara alipotawala ziwa miaka ya 1980, baadhi ya furu walipona kwa kujificha kwenye majani hayo.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana. Maji ya mvua yanayoshuka milimani kwetu hubeba udongo, taka na maji ya vyoo. Yakifika kwenye mafunjo hupunguza mwendo, udongo hutuama, na mizizi hunyonya mbolea ile ile inayonenepesha magugu maji yaliyotusumbua tangu miaka ya 1990. Wenzetu wa Kampala wana bonde la Nakivubo, linalochuja maji machafu ya jiji kabla hayajaingia ziwani. Mwaka 1999 wataalamu walikadiria faida yake kuwa hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Hata hivyo, bonde hilo limeendelea kulimwa na kujengwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa maji. Mafunjo huota tena yasipochomwa wala kufukiwa. Penye vifusi, lazima tuvitoe na kupanda upya.

Ndiyo maana mchango wa mwaka huu utakwenda kwenye kuondoa vifusi, kupanda mafunjo na kuweka alama za mpaka, kwa kushirikiana na serikali za mitaa. Ziwa litarudi tena. Tuchangie sasa ili likute mafunjo, lisikute vitanda vya watoto wetu.