Kengele ya Reli

Shuleni kwetu Nachingwea kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni kwa waya. Kiranja akikigonga kwa nati kubwa, mlio ulifika mpaka mikoroshoni, nasi wachelewaji tukatoka mbio. Hakuna aliyetuambia kwamba chuma kile kiliwahi kupitiwa na treni.

Historia ya treni hiyo ni fupi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa kulima karanga huku kwetu. 1949 treni ya mradi huo ikaingia Nachingwea. 1951 mradi ukavunjwa, umeshakula pauni zaidi ya milioni 30. Reli yenyewe ilifungwa 1962, ikang'olewa.

Nikisikia muziki wa kantri wa Marekani hukumbuka kengele ile, maana anayeitwa baba wa muziki huo naye alikuwa mtu wa reli. Jimmie Rodgers, aliyezaliwa 1897, alifunga breki za mabehewa ya treni mpaka kifua kikuu kilipomtoa kazini. Tarehe 4 Agosti 1927, mjini Bristol, Tennessee, alirekodi nyimbo zake mbili za kwanza, akalipwa dola 100. Kuanzia hapo alikula kwa gita miaka sita tu. Mei 1933, studio ya New York ilimwekea kitanda: anaimba wimbo, anajilaza, ananyanyuka tena. Tarehe 26 akafariki, ana miaka 35. Kwangu mimi sura ya kazi ya kantri ni kitanda hicho, wala si kofia pana na buti: mtu mwenye kifua kibovu akiuza pumzi zake.

Santuri zake hazikupata habari ya msiba. Zilivuka bahari hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Pale kwenye gramafoni walisikia sauti inayoruka kutoka kifuani hadi utosini, ikashuka tena. Binadamu gani huyo? Jina likalainika vinywani mwao, likawa Chemirocha. Mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alipofika Kapkatet mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, wasichana walimwimbia huyo Chemirocha, nusu mtu, nusu swala.

Mwaka 1961, sisi Tanganyika tukipata Uhuru, Wamarekani waliingiza majina matatu ya kwanza kwenye jumba la kuwaenzi watu wa kantri, na la Rodgers likiwamo. Mwaka uliofuata ndipo reli yetu ilipokufa.

Nairobi kantri bado inalisha watu. Elvis Otieno, maarufu Sir Elvis, alizaliwa 1977, mwaka aliofariki Elvis Presley, akapewa jina lake, na kazi yake ni hiyo.

Juzi nilipita shuleni. Mwembe umekatwa, chuma kimehamia kwenye nguzo. Nikaokota jiwe. Ukikigonga juu, mlio ni mwembamba. Ukishuka chini kidogo, unakuwa mnene. Mlinzi akaniuliza, mzee, unatafuta nini?