Hatia ya Kutomaliza Riwaya

Hapa Ruti, pembezoni mwa jiji la Mbarara, na kule Nakivale nilikokulia, riwaya za mapenzi ya kifantasia husomwa kwenye simu. Mara nyingi ni faili lililotumwa na rafiki, naye alilipata kwa rafiki mwingine: binti wa kawaida anapendwa na mnyonya damu, au anachukuliwa na bwana wa nchi ya viumbe wasiokufa. Mfululizo wa Twilight wa Stephenie Meyer ulitoka katika riwaya nne kati ya 2005 na 2008. Ule wa Sarah J. Maas ulianza 2015 na kurasa zake ni nyingi zaidi. Wengi wetu hatufiki mwisho, na tukiulizwa tunajitetea kama mtu anayedaiwa. Swali langu katika insha hii ni la kihistoria: deni hilo tulikopa wapi?

Nianze mbali kidogo, Unguja. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa na Waswahili wa huko. Iliyo maarufu kati yake ni ile ya Sultani Darai. Ndani yake maskini mmoja ananunua paa, na paa huyo anageuka kuwa mshenga: anamwombea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana nyumba ya fahari. Baadaye paa anaugua, bwana anampuuza, paa anakufa, na bwana anaamka akiwa palepale jaani alipokuwa akichakura mwanzoni. Ukitazama vizuri, viungo vya riwaya tunazosoma leo vyote vimo humo: mapenzi, mazimwi, mali ya ghafla. Kwa hiyo anayesema kwamba mambo haya tumeletewa na simu kutoka Marekani hajasoma vya kutosha.

Lakini hadithi ile ilikuwa ya kusikilizwa. Msimuliaji anaanza "Paukwa!", wasikilizaji wanajibu "Pakawa!", na sauti za kuitikia zikififia yeye anajua la kufanya: akatize, aruke, au aongeze nyoka mwingine. Mtoto akisinzia hubebwa akalazwa. Sijawahi kuona mtoto akiamshwa asubuhi aulizwe kwa nini hakusikia mwisho. Katika Alfu Lela u Lela mzigo wote uko upande wa msimuliaji. Shahrazad hukatiza hadithi alfajiri, na akishindwa kumvuta sultani, shingo inayokatwa ni yake Shahrazad. Msikilizaji hana kosa lolote. (Najua sultani yule si msikilizaji wa kuigwa, lakini hoja yangu inasimama.)

Mambo yalibadilika hadithi ilipoingia darasani. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard, na mwaka uliofuata ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki, kazi iliyohusu sana vitabu vya shule. Kuanzia hapo kwa watoto wengi kitabu cha hadithi kilikuwa na mwalimu nyuma yake. Hata Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952 na ambayo ina jini, mji uliogeuka mawe na ndugu waliogeuzwa manyani, wengi wameijua kama kitabu cha kujibia maswali. Mtihani hauwezi kuvumilia msomaji aliyeishia katikati. Ukiuliza "Jadili hatima ya mhusika mkuu", aliyeacha kitabu sura ya tano anapata sifuri, na sifuri ni aibu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo tulipokopa. Tulitoka shuleni na kanuni ya mtihani tukaipeleka kitandani, kwenye kitabu ambacho hakuna atakayetutahini.

Riwaya za mapenzi zilibeba aibu ya pili. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 na 1980 ilijaa vitabu vidogo vya upelelezi na mapenzi. Elvis Musiba alianza na Kufa na Kupona mwaka 1974. Wahakiki waliviweka katika fungu la fasihi pendwa, mbali na fasihi dhati, na wengine walivilaumu kwamba vinapumbaza vijana. Msomaji wa leo amerithi lawama zote mbili. Anaona aibu kwa kuifungua riwaya ya mapenzi, kisha anaona aibu kwa kuifunga kabla ya mwisho. Sioni zinavyoweza kukaa pamoja: kama kitabu ni cha kipuuzi, kukiacha kungepaswa kuwa sifa.

Sasa nije Nakivale, maana hapa historia ya vitabu peke yake haitoshi. Makazi haya yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana Wakongomani, Wasomali, Warundi na wengine. Kiswahili tulichokuja nacho kutoka Kongo ndicho tunachonunulia sokoni. Vitabu vilikuwa vichache, na kitabu kikiwa kimoja kwa watu kumi, kukiacha nusu hufanana na kuacha chakula sahanini. Lakini kuna jambo zito zaidi. Pale, mambo mengi hukatika bila mwenyewe kuamua. Nilisoma na wavulana waliofika sekondari kwao kwa Kifaransa, wakaanza upya shule ya msingi kwa Kiingereza. Nyumba ziliachwa zikiwa kwenye lenta. Faili la kwenda nchi ya tatu huweza kusimama miaka, na hakuna anayekuambia liko ukurasa gani. Ndiyo maana mama yangu husema, "Kitu umeanza, maliza," na sithubutu kumcheka. Kwake, kumaliza ni ushahidi kwamba safari hii hakuna aliyekukatiza.

Hata hivyo, nadhani sababu hiyohiyo inatoa hukumu kinyume. Kufunga riwaya kwa sababu imekuchosha ni miongoni mwa mambo machache ambayo kijana wa Nakivale huyakata kwa mkono wake. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, aliyekuwa mwalimu wa shule, aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji, na ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Nina wivu kidogo na wanafunzi wake.

Jambo hili si la simu zetu tu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, likapendekeza kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Nimefurahi, kwa kuwa ni lugha yangu. Ila mtoto wa Mbarara akikutana na hadithi ya Kiswahili kwenye karatasi ya mtihani tu, ataijua kama deni kabla hajaijua kama hadithi. Ningependa walimu wetu, na baadhi yetu tutakuwa walimu, waweke darasani rafu moja ya vitabu visivyoulizwa.

Hapa Ruti tunakoishi wanafunzi kadhaa, siku hizi tunapeana riwaya kwa kutaja sura: mimi nimeishia ya tisa, shika wewe. Anayepokea haulizi kwa nini umeiacha. Huuliza tu kama yule binti amekwisha kuolewa, na akijibiwa "Sijui", huanza kusoma.