Kutoka Kampala hadi Kampala kupitia angani

Kutoka Wandegeya hadi Nakasero ni dakika chache tu kwa bodaboda. Lakini hadi mwaka 2001, data iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Wandegeya kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine Nakasero kwa kawaida ilipaa kwanza hadi kwenye setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu. Ilishuka Marekani au Ulaya, ikakabidhiwa kampuni ya pili hukohuko ugenini, ikapaa tena, ndipo ikarudi Kampala. Jibu nalo lilifuata mzunguko uleule. Ukijumlisha, ni karibu kilomita 288,000, robo tatu ya umbali wa kutoka hapa hadi mwezini.

Mwaka 2001 ndipo kilipoanza UIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti za Uganda hukutanisha mitambo yao na kupeana data za hapa nyumbani bila kuzipeleka nje. Kinapotimiza robo karne, watasifiwa wahandisi, nao wanastahili. Mimi nataka kukumbuka programu ndogo iliyowawezesha kuiona aibu ile kwa macho, steji kwa steji.

Programu hiyo ni traceroute. Kila pakiti ya data hubeba namba, na kila ruta inayoipitisha huipunguza kwa moja. Namba ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kumtumia mwenyewe taarifa kwamba mzigo wake umeishia hapo. Basi traceroute hutuma pakiti yenye namba 1, ikafia steji ya kwanza, na steji hiyo ikajitaja. Kisha namba 2, kisha 3, hadi mwisho wa safari. Yaani njia inasomwa kwa vifo vya makusudi.

Aliyeiandika ni Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, na simulizi bora ya jinsi programu ilivyozaliwa ameiacha mwenyewe ndani ya msimbo wake. Alikuwa akisaka kasoro ya njia mtandaoni, na msimbo huo, asema, ulichomoza baada ya saa 48 bila usingizi. Anawasihi wasomaji wasiuchukue kuwa mfano wa uandishi mzuri, maana alishangaa hata kuona umekubali kufanya kazi. Maelezo hayo yana sahihi ya Jumanne, Desemba 20, 1988, saa kumi kasoro dakika kumi usiku. Kampala ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi mchana wa siku hiyohiyo.

Anakiri pia kwamba wazo aliliiba kwa Steve Deering. Baadaye akagundua kwamba angehudhuria vikao vilivyofaa, angeweza kuliiba kwa Guy Almes au Matt Mathis pia. Nani alitangulia, hajui wala hajali. Anafurahi tu kwamba hawakulifanya siri. Katika fani ambayo watu hupelekana mahakamani kwa ajili ya hataza, maneno hayo hunigusa kila niyasomapo.

Ndani ya msimbo uleule ndimo ilimoanzia tofauti inayowasumbua mafundi wetu hadi leo, ya aina ya pakiti inayotumwa. Kanuni ya mwaka 1981 ilikataza taarifa za ICMP, aina ileile ambayo ruta hutuma pakiti inapokufa, kutolewa juu ya ujumbe wa ICMP, na baadhi ya ruta ziliishika neno kwa neno. Traceroute basi ikatumia pakiti za UDP, zinazobisha kwenye milango ya namba kubwa, kuanzia 33434. Mwaka 1989 kanuni ilifafanuliwa: marufuku ni juu ya taarifa za makosa tu. Microsoft ilipoiga programu hii miaka ya 1990 njia ilikuwa nyeupe, ikatumia ICMP, pakiti zilezile za ping. Ikaiita tracert, kwa kuwa majina ya faili za DOS yalikuwa na nafasi ya herufi 8 na traceroute lina 10. Linux na Mac zimebaki na UDP.

Matokeo yake, kompyuta mbili kwenye meza moja na waya mmoja hutoa majibu mawili. Kuta nyingi za usalama huruhusu ping na kuzuia UDP, kwa hiyo Windows inafika mwisho wa safari huku Linux ikimwaga nyota tupu, alama ya kukosa jibu. Nimesikia mafundi wakibishana kwa hasira kwamba mtandao umekatika, kumbe kila mmoja amebisha mlango wake. Dawa ni kuandika traceroute -I kwenye Linux au Mac, ili zote zibishe mlango mmoja. Programu ya mtr, aliyoianzisha Matt Kimball mwaka 1997, hutumia ICMP tangu mwanzo na huendelea kupima bila kuchoka. Pathping ya Windows hukuweka sekunde 25 kwa kila steji, lakini hukuonyesha wapi pakiti zinapotea.

Jirani zetu wa Nairobi walipigania njia fupi kwa jasho zaidi. Kituo chao, KIXP, kiliwashwa mwishoni mwa Novemba 2000. Telkom Kenya ililalamika kwamba kinavunja haki yake ya pekee ya kusafirisha data za kimataifa, na kabla ya wiki mbili kuisha tume ya mawasiliano ikakifunga. Brian Longwe, mmoja wa waliokihangaikia, amesimulia hoja ya kampuni za intaneti: data inayotoka Nairobi kwenda Nairobi si ya kimataifa, na ya kimataifa itaendelea kupita kwa Telkom kama kawaida. Hoja ya wazi namna hiyo ilihitaji karibu mwaka mzima kueleweka! Kituo kilifunguliwa tena Februari 2002, kikiwa na leseni. Muda wa kwenda na kurudi ukashuka kutoka milisekunde 1,200 hadi 2,000 na kuwa 60 hadi 80.

Sisi tuliiweka swichi yetu katika jengo la Communications House, barabara ya Colville, na kampuni zikaanza kuungana. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ya chini ya bahari ikafika Mombasa, setilaiti zikaanza kusahauliwa. Kebo ndiyo iliyopata picha za magazeti. Naona swichi ile ilistahili japo nusu ya sifa hizo.

Juzi niliweka kompyuta mbili mezani, Windows na Linux, nikafuata njia ya kwenda tovuti ya ofisi moja ya hapahapa jijini. Linux ilitoa nyota kuanzia steji ya tisa. Nikaongeza -I, zikakubaliana. Hadi steji ya nne, milisekunde zilikuwa chache. Kisha zikaruka hadi 160, na jina la ruta iliyofuata lilikuwa na herufi lhr, alama ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Ofisi yenyewe ninaiona nikisimama dirishani.