Kofia za Kiesperanto

Hebu soma neno hili la Kiesperanto: flughaveno. Flug ni kuruka, haveno ni bandari. Yaani bandari ya kurukia, uwanja wa ndege. Rahisi, sivyo? Subiri kwanza.

Lugha hii ilitungwa na L. L. Zamenhof, daktari wa macho, akaichapisha Warsaw mwaka 1887. Kwenye tahajia alitaka kitu kimoja: kila sauti na herufi yake, kila herufi isomwe kwa namna moja tu. Lakini herufi za Kilatini hazikutosha. Basi akazivisha kofia: ĉ ikawa ch yetu, ŝ ikawa sh. Kati ya herufi 28, sita zilipewa alama: ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ na ŭ.

Kwa sikio, safi kabisa. Shida ilikuwa mitamboni. Enzi hizo kurasa zilipangwa kwa vipande vya risasi, na wachapaji wengi hawakuwa na vipande vyenye kofia. Zamenhof akawaruhusu waandike h badala ya kofia: ch, gh, sh. Ruhusa hiyo imo pia katika Fundamento de Esperanto ya 1905.

Sasa rudi kwenye flughaveno. Hiyo gh ni g na h, au ni ĝ? Maandishi hayakuambii. Kanuni imevunjwa na mwenye kanuni.

Na alijua kofia zinasumbua. Mwaka 1894 alipendekeza mageuzi, zikiwemo kofia kuondolewa. Wasomaji wa gazeti La Esperantisto wakapiga kura, wengi wakakataa: lugha ilikuwa imeshapata wenyewe. Mwaka 1907 waliotaka mabadiliko wakaja na lugha ya Ido, isiyo na kofia, yenye ch na sh.

Kompyuta zilipokuja bila kofia, Waesperanto wakajiongeza: cx, gx, sx. Sura mbaya, lakini x haimo katika alfabeti yao, kwa hiyo haigongani na kitu.

Sisi je? Sh yetu haitusumbui kwa sababu silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, hivyo s na h hazikutani ovyo. Ila muulize mtu anayeitwa Is-haka kile kistari ni cha nini. Kiondoe, uone utamwitaje.