Gobore
Gobore (pia: gobori, wingi: magobore) ni bunduki ya kizamani ambayo baruti na risasi zake hushindiliwa kwa mkono kupitia mdomo wa mtutu. Bunduki na bastola za kisasa hutumia risasi zilizofungwa kiwandani pamoja na baruti yake ndani ya ganda.

Historia
Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Pwani ilileta bunduki za aina hii bara, ikifuata bonde la mto Pangani chini ya Milima ya Upare. Ufundi wa chuma ulikuwepo huko tayari: ukoo wa Washana wa Ugweno ulijulikana kwa uhunzi, na chuma cha Upare kiliuzwa hadi Uchagani.

Matumizi na hatari
Magobore bado hutengenezwa kienyeji sehemu mbalimbali za Tanzania kwa uwindaji na ulinzi wa mashamba. Pia hutumiwa na majangili. Kipimo cha baruti hutegemea mkono wa mjazaji, na mtutu haujapimwa nguvu zake. Kwa hiyo gobore huweza kupasuka na kumjeruhi mwenyewe.

Sheria
Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza au kumiliki silaha bila kibali ni kosa. Wilayani Same, tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi huharibu mazao, lakini hasara hiyo haimpi mkulima ruhusa ya kuwa na gobore. Mara kadhaa polisi wametangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa.