Macho Mekundu ya Usukumani

Masimulizi ya Wasukuma yana jitu liitwalo Shing'weng'we, lililomeza watu wote hadi akabaki mama mjamzito mmoja aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua aliliua jitu hilo, akalipasua tumbo ili waliomezwa watoke. Katika kupasua, kisu chake kikamkata bibi kizee sikio, naye badala ya kushukuru akakasirika na kutaka kumloga mkombozi wake. Uovu wa jitu msikilizaji anauona katika ukubwa wa tumbo lake. Uovu wa adui wa pili unatangazwa na uzee tu.

Mbinu hiyo si ya Wasukuma peke yao. Katika toleo la 1857 la hadithi za ndugu Grimm wa Ujerumani, mchawi anayewanasa Hansel na Gretel ni kikongwe mwenye macho mekundu asiyeona mbali. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa dalili ya uchawi Usukumani pia, na hapa inafaa kuuliza kwanza yalikuwa mekundu kwa nini.

Jibu linaanzia kwenye miti. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa uongozi wa Charles Swynnerton aliyekuwa na kituo chake Shinyanga, ilihimiza kufyeka mapori ili kuwaondoa mbung'o. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Pamba ikapata njia ya kwenda sokoni, na mashamba yakazidi kula pori. Ng'ombe walinufaika, wakulima pia, lakini kuni zikawa adimu. Wanawake wakapikia mabua ya pamba na samadi kavu, ambayo moshi wake ni mkali, na mara nyingi walipika ndani. Mwanamke aliyeinamia jiko la namna hiyo tangu usichana alifika uzeeni akiwa na macho yaliyowiva. Watoto waliolishwa na jiko hilo ndio waliokuja kuyaogopa.

Hata hivyo, macho peke yake hayaelezi vifo. Hesabu za serikali za kati ya 1970 na 1984 zilionyesha kuwa zaidi ya watu 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu walikuwa wa Usukumani. Wengine hulaumu sheria ya uchawi ya 1928, ambayo iliwaadhibu hata waliomtuhumu mwenzao, na pia kufutwa kwa utawala wa watemi mwaka 1963: watu wakakosa baraza la kupeleka hofu zao. Wengine hutaja operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, iliyozisogeza karibu kaya zilizozoea kuishi mbalimbali, kila moja katikati ya mashamba yake. Wapo pia wanaotazama urithi, kwa kuwa mjane mwenye ardhi ni kikwazo kwa jamaa wenye haraka.

Kwa maoni yangu maelezo haya hayapingani, ila yana nafasi tofauti. Ugonjwa au kifo cha mtoto ndicho kilicholeta hofu. Mganga alipiga ramli na kuielekeza kwa mtu. Ugomvi wa ardhi ulimpa mtu huyo maadui. Macho yalikuja mwisho, yakawa ushahidi. Na ushahidi huo ulikubalika upesi kwa sababu kila mtu alikwisha kuusikia utotoni, jioni, kando ya moto.

Mabadiliko nayo yalianza na miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulizinduliwa mwaka 1986. Ulifufua ngitili, malisho ya akiba yanayofungwa ili nyasi na miti vikue. Baadaye mashirika ya kutetea wazee, likiwemo HelpAge, yalihimiza majiko yenye moshi kidogo yakikusudia hasa kuyanusuru macho ya akina bibi. Ramli, kwa upande wake, haikuhitaji moshi. Kuanzia mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Kanda ya Ziwa. Safari hii mwili haukusomwa kama alama ya uovu bali ya utajiri, na Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli.